Santre ya kuachisha pombe na tramadole hapa Bukavu: ndani banafanya kazi muzuri, shida iko siku ya kutoka

Naandika hii juu ya jamaa zenye kuwa na mutoto, bwana, bibi ao ndugu mwenye alishikwa na pombe ao dawa na sasa banatafuta fasi ya kumupeleka. Leki yangu, mudogo yangu mwanaume, alilala ku santre moja ya private huku Ibanda. Jina sitaitaja, bale batu ya kazi bako na roho nzuri na sitaki kubaaribia, lakini vile niliona nataka kusema yote, mazuri na mabaya, juu pesa yenye banalomba si kidogo na kuna jamaa zenye zinauzisha mpaka mbuzi ya mwisho juu ya kuilipa. Ku nyota tano natoa tatu, na zote tatu ni za wiki za kwanza.

Kwanza mujue tulimupeleka na nini. Leki yangu ni mutu ya moto, ya pikipiki, anabebaka batu toka Essence mpaka Kadutu na Panzi, na barabara zetu munazijua, jioni mugongo inakuwa inamuuma hata kuinama hawezi. Mwenzake ya parking njo alimupa tramadole ya kwanza, meza hii, hautasikia kitu. Na kweli hakusikia kitu. Tramadole ni dawa ya kweli, Wajerumani ba Grünenthal baliiweka ku soko tangu 1977, munganga anaiandikaka kwa mutu mwenye alipasuliwa ao mwenye alivunjika, kidonge ya 50 mg, na mutu muzima hapaswi kupita 400 mg kwa siku. Lakini ni ya jamaa moja na morfini, na hapa kwetu iko inauzishwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya munganga. Kisha miezi mwili inazoea, kile kidonge cha kwanza hakifanye tena kitu, anaongeza, anaongeza tena, na jioni anashusha na kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, juu apate usingizi. Mwisho hakuwa anameza tena juu ya mugongo, mugongo tulishaisahau, alikuwa anameza juu bila ile hawezi kutoka ku kitanda asubui.

Hapa njo batu bengi hawaelewe, banafikiri mutu anafatiaka raha. Raha ilikuwa mwanzo tu! Kisha pale anakunywa na kumeza ili asigonjwe, ili mikono iache kutetemeka, ili aweze kushika gido ya moto na alete pesa ya bugali mu nyumba.

Santre inalomba dola 200 kwa mwezi, chakula na kulala ndani, dawa na vipimo unalipa pembeni. Toka banki zilifunga mu muji mwanzo wa 2025 tulichangisha kwa foni, shangazi alituma toka Uvira, bulamu toka Kinshasa, na mapokezi hawakutusumbua juu ya kulipa kidogo kidogo, hilo nalisifu. Kila franga banatoa karatasi. Hakuna mutu alikuja kunisukuma pembeni ati ongeza kidogo ya infirmie.

Siku ya kuingia, infirmie alikaa naye muda murefu sana, akamuuliza anakunywa nini na kiasi gani, ya mwisho alikunywa saa ngapi, alisha kujaribu kuacha mbele na ilikuwa namna gani, alisha kuanguka na krizi siku gani. Alipima tansio, sukari, malaria. Mama mumoja pembeni yetu alikasirika, anasema huyu anatupotezea wakati, si bamuingize tu. Lakini yale maswali njo yanaokoa mutu, nitaeleza juu nini.

Pombe, hasa ile kali, mutu mwenye aliizoea kwa miaka akiiacha gafula anaweza kufa. Si maneno ya kuogopesha. Kutetemeka inaanza kisha masaa machache toka ya mwisho, krizi sawa ya kifafa inaweza kukuja mu siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya ine njo saa ya kuogopa zaidi, mutu anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwako, anasema na ukuta, roho inapiga mbio, mwili inachemka. Kwetu Bukavu mutu akifika pale jamaa inasema balimulisha karuho, ni kusema sumu, ao ni pepo, banamupeleka ku chumba ya maombi banamufunga kamba, na anaweza kufia mule mikononi ya batu benye kumupenda. Mimi naomba, na niliomba sana zile siku, lakini ile saa mwili iko inataka dawa. Ku santre balimupa diazepam, dawa ya kutuliza na kuzuia krizi, nyingi mwanzo, kisha kila siku banapunguza, na sindano ya vitamini B1 mbele ya kumuwekea serumu ya sukari, juu munywaji wa miaka mingi hana ile vitamini mu mwili na ukimupa sukari ya mbele unaweza kumuaribia bongo. Usiku infirmie alikuwa anapita kila mara na tochi na mashine ya tansio. Hakuna mutu alifungwa kamba, sikuona fimbo, sikusikia mutu anapigwa.

Kisha tramadole nayo ikadai yake. Makamasi inatiririka, jasho, tumbo inaaribika, mifupa inauma, miguu inaruka yenyewe usiku sawa mutu anapiga baiskeli. Siku ya pili na ya tatu ni mbaya kushinda zote, kisha wiki moja inaanza kupunguka. Tramadole iko na shida yake zaidi kushinda ndugu zake zingine, juu inagusa pia vitu vingine mu bongo vyenye vinashika moyo na woga, kwa hiyo leki yangu, mwanaume mwenye anashuka na moto mu matope ya Panzi bila breki, alikuwa analia sawa mutoto anasema kuna kitu mubaya inakuja. Infirmie alimukalia pembeni. Hakumucheka. Ile usiku peke yake, kwangu mimi, inatosha nyota moja.

Juu ya vyumba na chakula sina mengi, bitanda ine mu chumba, mashuka safi, maji inakatika sawa mu muji yote, maharagi na bugali, sombe, mara moja moja sambaza. Visite ni siku ya mungu kisha misa. Foni banazichukua ku mulango na naona ni sawa, juu ile foni iko na namba za bale benye kumuuzishia.

Sikolog, dada mumoja kijana, anakuja mara mbili kwa wiki, na kama mulishapeleka mutu pale mujaribu sana musikose siku yake, juu yeye njo alitufungua macho jamaa yote. Alituambia mu bongo ya kila mutu kuna fasi yenye inaandika: hii kitu ni muzuri, urudilie. Mungu aliiweka juu tukule, tuzae, tupendane. Mu 1954, kule Montreal, James Olds na Peter Milner baliweka waya mudogo mu bongo ya panya na kakifungio kenye panya ikikanyaga inapata umeme ku ile fasi, na zile panya zilianza kukanyaga mara mamia, hata maelfu, kwa saa moja, zinasahau kila kitu mpaka zinachoka kabisa. Hakuna mutu alizifundisha tabia mubaya. Dawa na pombe zinapiga ku ile fasi kwa nguvu yenye chakula wala mapenzi haiwezi kufikia, na bongo ikipigwa hivyo kila siku inajipunguza yenyewe, ndiyo sababu kisha pale mutoto akicheka, mchezo wa mpira, nyama ya siku kuu, vyote vinakuwa sawa hakuna kitu. Na ile sehemu ya mbele ya bongo yenye inatuambiaka ngoja, fikiria kwanza, inazidi kuregea. Ni sawa mvua ku mulima ya Kadutu, ikishachimba mufereji, hata mwaka ikauke, mvua ya kwanza kurudi inapita mule mule.

Leki yangu alimuuliza, basi mimi nimearibika? Akamujibu hapana, bongo inajitengeneza, lakini inaomba miezi, si wiki, na zile miezi hautasikia utamu ya kitu, na pale njo bengi banarudilia, banafikiri maisha bila dawa ni vile itakuwa siku zote. Nilitamani kila mama ya Kadutu asikie yale maneno.

Sasa mabaya.

Mukubwa ya santre yeye anasema kingine. Kila siku ya tano anakusanya bagonjwa na jamaa, anapiga meza: mwenye anataka kuacha anaacha, mwenye hakuacha hakutaka. Batu banapiga makofi. Mimi sikupiga. Leki yangu alitaka, nilimuona mwenyewe anatupa vidonge mu choo na kisha masaa anatafuta franga ya kununua vingine na machozi mu macho, anajichukia, na anaenda. Kutaka alikuwa nayo tele, kushinda mimi na wewe. Ile yenye alikosa ni mwili yenye kutulia, bongo yenye kupumua, na kitu ingine ya kufanya na ile saa ya jioni. Na ile maneno ya mukubwa inafanya kitu mubaya sana, juu mutu akirudilia, anasikia haya kushinda mwanzo, anajificha, na akijificha njo dawa inamukula kabisa peke yake mu giza. Sikolog anajenga siku mbili, mukubwa anabomoa siku moja. Basikilizane.

Halafu siku ya kutoka. Banafanya sherehe, banatoa karatasi yenye muhuri, banaimba, mapokezi anakuambia amepona, mushukuru Mungu. Na ni pale inaisha. Hakuna siku ya kurudi kuonana na sikolog, hakuna namba ya kupigia usiku, hakuna mutu mwenye atapiga simu kujua anaendelea namna gani. Nililomba hata karatasi moja ya kutuonyesha tufanye nini nyumbani, baliniambia muombe na mumuchunge.

Na kuna kitu moja hawakutuambia ata kidogo, na kwangu hii njo kosa kubwa kushinda zote, na nataka kila jamaa iijue hata kama hamutapeleka mutu popote: mutu akikaa wiki kazaa bila tramadole ao kitu ya ile jamaa, mwili inasahau kuizoea. Akirudilia na akameza kiasi chake ya zamani, kile kiasi chenye alikuwa anamezaka na kuendesha moto, sasa inaweza kumukatia pumzi mu usingizi, zaidi kama ameiweka na kanyanga juu yake. Bengi banakufa namna ile, si wakati bako ndani ya dawa, ni kisha kutoka santre ao kisha kutoka gereza. Sikolog njo aliniambia ku kona, wakati nilimufata nje. Ilipaswa kuwa ku ukuta ya mapokezi na herufi kubwa.

Tena banamurudisha wapi? Ku avenyu ile ile, ku parking ile ile, na benzake bale bale, harufu ya kanyanga inatoka ku nganda ya jirani saa moja ya jioni. Kuna habari moja inanikaliaka mu kichwa. Wanajeshi wa Marekani kule Vietnam, mwanzo wa miaka ya 1970, mumoja ku batano alisema alishikwa na heroini, serikali yao iliogopa sana. Mwalimu mumoja mwanamuke, Lee Robins, alibafuata kisha kurudi kwao, na kati ya bale balikuwa bameshikwa kule, mwaka ya kwanza nyumbani ni kama 5 ku 100 tu njo balishikwa tena. Ni heroini, si mchezo. Lakini balirudi fasi ingine kabisa, hakuna vita, hakuna mwenye kuuzisha ku mulango, kuna mama, kuna kazi, kuna sura zingine. Mutu yetu sisi tunafanya kinyume, tunamutosha fasi yenye dawa inapatikana, tunamusafisha wiki kazaa, tunamurudisha pale pale, na vita iko, na kazi haiko, na banki imefungwa, kisha tunashangaa.

Leki yangu alirudilia. Haikukawia. Tulipiga simu ku santre, mapokezi akajibu na sauti ya kukasirika ati alipoteza neema, kama munataka kumurudisha mulipe mwezi nzima upya. Mwezi nzima upya! Mutu wa tansio, ikimupanda tena juu aliacha vidonge ao alikula chumvi, hakuna lopitali inamutukana, banamupima, banabadilisha dawa, banasema rudi wiki ijayo. Na baganga banasema wazi, kwa batu benye kutunzwa juu ya dawa za kulevya, kurudilia inafika kati ya 40 na 60 ku 100, karibu sawa na bagonjwa ba tansio na ba pumu benye kuacha matunzo yao. Kwa hiyo santre yenye inasimika kazi yake yote juu ya mutu asirudilie hata mara moja, inasimika juu ya kitu yenye inajua kama nusu ya bagonjwa hawataiweza.

Nilimuuliza mukubwa pia juu ya dawa za kushikilia mutu mwenye alizoea vitu vya jamaa ya morfini. Akasema hapana, hiyo ni kubadilisha shetani na shetani. Sikubaliane naye. Metadoni, moja ya zile dawa za kushikilia, iko ku liste ya dawa za lazima ya OMS, shirika la afya la dunia, tangu 2005, Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili, Dar es Salaam, mu 2011, Kenya mu 2014, mutu anafika kila siku anakunywa mbele ya infirmie, mwili inatulia, anaenda ku kazi. Si ya kila mutu, na kwa tramadole munganga njo anapima kama inafaa ao hapana, lakini kuita ile shetani mbele ya batoto bagonjwa benye kutafuta njia, hapana, hiyo sikuipenda hata kidogo.

Sasa kama unafikiria kupeleka mutu ku santre yoyote mu muji, private ao ya kanisa, mimi naona uulize haya mbele ya kutoa dola ya kwanza. Usiku nani anabakia, infirmie ao sentineli? Diazepam na B1 ziko ndani ao mutatumwa ku farmasi saa nane ya usiku? Banafunga batu kamba? Sikolog anakuja kweli, siku gani? Na zaidi ya yote, kisha kutoka banamufata muda gani, nani anapiga simu, na akirudilia banalipisha nini. Kama ku hii ya mwisho banakutazama tu na kucheka, ujue unanunua wiki za kwanza, na wiki za kwanza ni kazi kubwa na ya lazima, usiidharau, lakini ulipe bei ya ile na ujipange mwenyewe juu ya yenye kubakia. Ku kila jamaa iko mutu moja mwenye mugonjwa hamuogope, ule njo apewe foni na kazi ya kumuuliza kila jioni umeamukaje, umelala, hamu iko, bila kumuhukumu. Pesa asishike nyingi kwa mara moja. Na kama anatumia tramadole mufundishe kila mutu mu nyumba dalili za kuzama, ni kusema dawa imepita kiasi: pumzi polepole, anakoroma sawa hayuko kawaida, midomo inageuka bluu, hapo mumulaze ku upande na mukimbie lopitali, musingoje asubui.

Sisi tuliuzisha moto yake, si na furaha, na tukamupeleka Idjwi, kisanga ya mu ziwa Kivu, kwa baba mudogo. Kasiksi, pombe ya ndizi, iko kule pia, sitasema uongo, lakini parking haiko, tramadole kuipata ni taabu, na kuna kazi ya shamba, ananasi na kahawa, kazi yenye inachosha mutu mpaka analala. Yule dada sikolog alikubali kuongea naye kwa foni, tunamulipa kwa M-Pesa, si kupitia santre. Wiki zingine ni nzuri, wiki zingine baba mudogo anapiga simu usiku na tunaanza tena.

Kwa bakubwa ba santre kama munasoma: ile kazi ya wiki za kwanza munaiweza, hata lopitali kubwa zingejifunza kwenu namna ya kumukalia mugonjwa pembeni usiku. Muongeze simu moja kwa wiki kwa miezi sita, karatasi moja ya hatari ya kurudilia na kiasi ya zamani, na bei ndogo kwa mwenye kurudi. Visite ni siku ya mungu kuanzia saa nane, mubebe blanketi juu usiku kunakuwa baridi, na sabuni, ya kule inaishaka mbio.